Nasali na kukimbia wiki mbili, kisha naacha vyote. Nina kasoro gani?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 38, watoto wawili, na kazi ya kukaa mezani kutwa. Tangu mwaka uanze nimejaribu mara nne kujiwekea utaratibu: naamka saa kumi alfajiri, nasali na kusoma Neno saa nzima, kisha natoka kukimbia nusu saa. Nashika siku kumi, wakati mwingine wiki mbili. Halafu mtoto anaugua au nachelewa kulala, nakosa siku moja, na baada ya hapo sirudi tena. Nilisoma kwamba tabia hujengeka kwa siku 21, lakini mimi hata hizo sizifikii. Mume wangu anasema sina nidhamu. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema ni imani haba, na naanza kumwamini, maana miezi miwili hii hata nikipiga magoti naona kama naongea na ukuta. Mara ya mwisho nilipokimbia nilishikwa na kizunguzungu, nikakaa chini kando ya barabara. Nifanyeje ili safari hii nisiache? Na je, nikisali huku natembea, nitakuwa nimeidharau ibada?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa napiga hesabu. Unaamka saa kumi alfajiri. Hukusema unalala saa ngapi, ila una watoto wawili na kazi ya kutwa, na mwenyewe unakiri kuna siku unachelewa. Tuseme unafika kitandani kati ya saa nne na nusu na saa sita usiku. Hapo unapata usingizi wa saa 4 hadi 5 na nusu, wakati mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye nidhamu, achilia mbali imani, nina mshukiwa wa kwanza tayari.

Kizunguzungu na huo ukuta nitavirudia mwishoni kwa kirefu, kwa sababu ndivyo vilivyonifanya nijibu haraka. Kwa sasa naomba jambo moja tu: usikimbie tena mpaka upimwe.

Tuanze na siku 21, kwa kuwa zimekutesa bure. Mwaka 1960 Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea uso mpya waliouona kwenye kioo. Hakuwa anazungumzia sala wala mazoezi. Watu walipolisimulia jambo hilo, neno "angalau" likadondoka njiani, na mazoea ya kujitazama kwenye kioo yakageuka kuwa sheria ya kila tabia duniani. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walilipima jambo hili kwa watu 96. Kila mmoja alichagua tabia moja ndogo na kuifanya baada ya tukio lilelile kila siku, kwa siku 84. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kufanyika yenyewe bila kusukumwa. Aliyewahi alitumia 18, aliyechelewa 254 (hizo 254 ni makadirio ya hesabu, maana utafiti wenyewe ulikoma siku ya 84). Waliochagua kunywa maji waliwahi. Waliochagua mazoezi walichelewa.

Matokeo yao mengine husimuliwa mara chache, na ndiyo ninayotaka uyashike: kukosa siku moja hakukuharibu kitu chochote cha maana. Tabia iliendelea kujengeka pale ilipoishia. Mara zote nne ulizoacha, dada, uliacha kwa sababu ya siku moja ambayo haikuwa na uzito huo.

Kwa nini basi siku moja inakuangusha? Alan Marlatt, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi na watu wanaoacha pombe, alieleza jambo linalofanana kabisa na lako. Mtu amejiwekea mwiko, anateleza mara moja. Hasemi "jana nilichoka". Anasema "kumbe mimi ndivyo nilivyo". Kosa dogo linageuka kuwa hukumu juu ya nafsi nzima, na aliyekwisha kuhukumiwa haoni sababu ya kuendelea kujitetea. Kwako hukumu hiyo imepata mashahidi wawili, mmoja nyumbani na mmoja kwenye maombi. Sidhani wana nia mbaya, lakini wamekosea, na wewe umewaamini.

Sasa tutazame tabia inavyojengeka. Jambo likiwa geni, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga na kuamua, ndiyo inayobeba mzigo wote. Inabidi ukumbuke, upime, ujishawishi, ndipo utende. Kazi hiyo inachosha, na sehemu hiyo hiyo ya ubongo ndiyo inayodhoofika mapema mtu akikosa usingizi. Ukilirudia jambo lilelile, mahali palepale, baada ya kitu kilekile, kazi inahama polepole na kushuka kwenye viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo. Huko hakuna mjadala. Viini hivyo vinasubiri ishara tu, vikiiona vinatenda. Ndiyo maana unaufunga mlango wa nyumba, ukifika mbali unajiuliza kama kweli uliufunga. Wendy Wood, mtafiti wa tabia, na wenzake waliwahi kuwapa wanafunzi wa chuo madaftari ya kuandika kila saa wanachofanya na wanachofikiri. Karibu asilimia 43 ya waliyoyafanya yalikuwa mambo yanayorudiwa karibu kila siku mahali palepale, mara nyingi akili ikiwa kwingine.

Hapo wasomaji wangu wengi wa dini hushtuka, na wana haki. Nani anataka kusali akili ikiwa kwingine? Kwa hiyo tutenganishe vitu viwili ambavyo hata vitabu vingi vya tabia huvichanganya. Kuna kuanza, na kuna kufanya. Kinachotakiwa kuwa mazoea ni kuanza: kwenda kwenye kile kiti, kufungua lile andiko, kuvaa vile viatu. Hilo ndilo liwe kama mlango unaofungwa bila kufikiri. Ukishakaa, sala yenyewe ibaki hai, na leo iwe ya shukrani, kesho ya kilio, keshokutwa ya kimya. Mazoezi ni hivyo hivyo. Mazoea yakufikishe nje ya mlango, huko nje uamue kama leo unatembea kwa kasi au taratibu. Aliyezoea kuanza hana haja ya kujisukuma kila asubuhi, na ibada yake haigeuki kuwa kasuku.

Nirudi kwenye mpango wako, kwa maana una kasoro tatu, na zote ni za mpango.

Ya kwanza nimeshaitaja. Umechukua saa moja na nusu ya ibada na mazoezi ukaikata kwenye usingizi, kana kwamba usingizi ni nguo ya ziada. Mwili huvumilia wizi huo siku kumi, wiki mbili, kisha unadai chake. Angalia tarehe zako: siku kumi, wiki mbili. Imani yako haikuisha siku ya kumi na nne. Deni la usingizi ndilo lililoiva.

Ya pili ni mnyororo. Umefunga sala kwenye kengele ya saa kumi, ukafunga mbio kwenye sala. Kiungo cha kwanza kikikatika, vyote vinaanguka kwa pamoja, na siku nzima inakuwa imeharibika kabla jua halijachomoza. Wengi hushauri kuunganisha tabia, nami hushauri hivyo mara nyingi, lakini tabia hushikizwa kwenye jambo ambalo tayari halikosi. Tabia changa haibebi tabia changa. Tazama Waislamu wanaoswali swala tano: swala kwao imeshakita mizizi, hivyo mtu anaweza kushikiza matembezi ya robo saa baada ya swala fulani na yakashika. Wewe bado hujapata nguzo ya namna hiyo, kwa hiyo kwa sasa viache vitu viwili visimame kila kimoja kwa miguu yake.

Ya tatu ni ukubwa. Nusu saa ya kukimbia kila siku ni dakika 210 kwa wiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kukimbia ni mazoezi mazito. Yaani mtu aliyetoka kwenye kiti cha ofisini amejipangia, kuanzia siku ya kwanza, kupita kiwango ambacho wengi hukifikia baada ya miezi. Mwongozo huohuo uliondoa sharti la zamani lililosema mazoezi yasiyofika dakika 10 mfululizo hayahesabiki. Sasa kila mwendo unahesabiwa. Kutembea kwa kasi, ile kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, kwa dakika 22 kwa siku kunakufikisha 150 kwa wiki bila kukimbia hata hatua moja.

Ninachokupendekezea kitaonekana kidogo mpaka uone aibu. Sala: baada ya kupiga mswaki asubuhi, keti mahali pamoja pasipobadilika, soma mistari michache, sali dakika 5. Ukitaka kuendelea na nafasi ipo, endelea, lakini dakika 5 zikitimia, siku hiyo umetimiza. Amka dakika 15 kabla ya muda wako wa lazima, siyo saa moja na nusu kabla. Matembezi, ukisharuhusiwa na daktari: chagua tukio lisilokosekana, kwa mfano kumaliza chakula cha mchana kazini au kushuka kwenye gari ukirudi nyumbani, na hapo hapo tembea dakika 10. Kaa kwenye dakika hizo 10 kwa majuma matatu au manne hata kama unaona unaweza zaidi, ndipo uongeze. Na uuandike mpango kwa sentensi yenye "nikisha": "Nikishapiga mswaki, nakaa kwenye kile kiti na kusali." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba anayepanga kwa namna hiyo, tukio kwa tendo, hutimiza nia yake kuliko anayesema tu "nitajitahidi zaidi".

Kisha andaa tangu sasa siku mbaya, kwa sababu mtoto ataugua tena. Siku hiyo sala iwe sentensi moja ukiwa umesimama kando ya kitanda chake. Mazoezi yawe kupanda na kushuka ngazi mara mbili, au yasiwepo. Ukikosa kabisa, kesho yake rudi kwenye dakika zilezile. Usilipe deni. Nimeona watu wakikosa siku tatu, wakajaribu kusali saa tatu kwa mkupuo ili kufidia, na wiki iliyofuata hawakusali kabisa.

Usiku ndio penye kazi ngumu, na hapo ninamhitaji mume wako. Badala ya kukuambia huna nidhamu, achukue jambo moja la jioni, liwe vyombo au kuwalaza watoto, ili ufike kitandani nusu saa mapema. Mwambie nimesema mimi. Katika nyumba nyingi ninazozijua, kinachoitwa nidhamu ya mtu mmoja huwa ni kazi ambayo mtu mwingine ameifanya kimyakimya.

Sasa swali lako la kusali huku unatembea. Huidharau ibada. Watu wa dini nyingi wamesali wakiwa njiani tangu zamani, na mwendo wa taratibu wenye maneno yanayorudiwa una athari yake mwilini. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake waliwapima watu 23 wakisali rozari na wakirudia mantra za yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa. Kwa zote mbili pumzi zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, na midundo ya moyo ikatulia katika mpangilio unaohusishwa na afya njema. Lakini nikupe na upande wa pili. Kasi inayofaa kwa mazoezi inapandisha pumzi, na sala ya kutulia inaishusha. Ukitaka vyote viwili kwa wakati mmoja, mara nyingi kimoja kitapungua. Ushauri wangu ni kutembea na sala fupi za shukrani au kuwaombea watu unaowakumbuka, na zile dakika 5 za kiti ziendelee kuwepo. Kama mchungaji wako ana mwongozo tofauti kuhusu namna ya ibada, hapo yeye ndiye mtaalamu, siyo mimi.

Nikukanye jambo moja kuhusu kutumia imani kama dawa. Ni kweli kwamba tafiti zinaonyesha uhusiano kati ya ibada na afya. Mmoja mkubwa, uliochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Harvard akiwemo Tyler VanderWeele, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 74,000 nchini Marekani kwa miaka 16, na waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Lakini huo ni uhusiano. Hautuambii kwamba mtu akiingia kanisani umri unaongezwa kama muda wa simu. Tena kilichopimwa pale ni kukusanyika na wenzako, siyo kuamka peke yako gizani. Yupo pia Kenneth Pargament, aliyechunguza namna watu wanavyoikabili shida kwa dini, akakuta kwamba wanaoamini Mungu anawaadhibu au amewaacha huwa katika hali mbaya zaidi kuliko wanaomwona yuko nao kwenye shida. Kwa hiyo kauli ya "imani haba" inaweza kumdhuru mtu, hata ikisemwa kwa upendo.

Hapo tunafika kwenye ukuta.

Miezi miwili ya kusali bila kuhisi chochote inaweza kuwa ukavu wa kiroho, jambo ambalo waumini wengi hulipitia, na ukawa na mazungumzo mazuri juu yake na mchungaji au mshauri wako wa kiroho. Lakini pia ni moja ya sura za sonona, ugonjwa ambao wengi huuita kwa Kiingereza depression. Sonona huondoa ladha ya vitu vilivyokuwa na ladha, na kwa mtu wa sala, sala ni miongoni mwa vya kwanza kuonekana vimekauka. Jiulize: je, muziki, watoto wakicheka, chakula ukipendacho, navyo vimekauka? Kama moyo umekuwa mzito au mambo yamekosa ladha karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi, hamu ya kula, nguvu au umakini vimebadilika, huo si wakati wa kuongeza bidii. Nenda ukamwone daktari au mwanasaikolojia ana kwa ana. Mazoezi husaidia sonona nyepesi na ya wastani, na hilo limethibitika vya kutosha, ila hayachukui nafasi ya kuonwa. Na ikiwa mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru yamekupitia hata mara moja, usingoje miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo, na mwende hospitali leo.

Nabii Eliya alipoomba kufa chini ya mti, malaika hakumhoji kuhusu imani yake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani. Mwoneshe hadithi hiyo dada wa kikundi chenu.

Kizunguzungu nacho kina sababu nyingi, nyingine nyepesi: kukosa usingizi, kutokunywa maji, kukimbia tumbo likiwa tupu. Kwa mwanamke wa umri wako upungufu wa damu ni wa kutazamwa mapema, hasa kama hedhi ni nzito, na huo peke yake unaweza kuleta uchovu, pumzi fupi na hata moyo mzito unaodhani ni uvivu. Shinikizo la damu, sukari na mapigo ya moyo navyo vipimwe. Mwambie daktari ulikuwa umekimbia kwa muda gani, ulikula lini mara ya mwisho, unatumia dawa gani, kama ulizimia au ulikaribia kuzimia, na kama katika familia yenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana. Pia mwambie kuhusu ukuta. Usimfiche kwa kudhani ni mambo ya kanisani. Lakini ukipata maumivu au mbano wa kifua, hasa yakienda kwenye mkono au taya, pumzi kukatika ukiwa umetulia, au ukazimia, hiyo ni dharura, nenda hapo hapo.

Wiki hii, basi, una kazi mbili tu: miadi ya daktari, na dakika 5 za asubuhi baada ya mswaki. Kengele ya saa kumi iondoe kwenye simu usiku wa leo. Viatu vya kukimbia vibaki mlangoni. Majibu yakitoka safi, utavivaa kwa zile dakika 10 za kutembea, na baada ya miezi mitatu uniandikie tena tuzungumze habari ya mbio.